Bastola Zenu Hazina Kutu

Nimechoka na bastola zenu. Mhariri akitaka aikate sentensi hii, lakini ajue kwamba ndiyo iliyonikalisha chini niandike, tena usiku, kwa taa ya simu, umeme ukiwa umekwenda zake.

Sisi tunaoandika hapa Mwanhuzi tuko sita. Tunakutana Jumapili alasiri nyuma ya duka la vipuri vya baiskeli, kila mtu na daftari lake, na anayekuja na karanga ndiye anayesoma wa kwanza. Majarida ya vijana kama hili yanatufikia kwa kuchelewa, yameshalainika kwa kupita mikononi mwa watu, na tunayasoma mpaka tangazo la mwisho. Basi juzijuzi nilifanya kazi ya kipuuzi: nilihesabu. Nilichukua hadithi kumi na nne, za kwetu na za wenzetu wa miji mikubwa. Tisa zina bastola. Katika hizo tisa hakuna bastola hata moja iliyonunuliwa. Hakuna yenye kibali. Hakuna iliyokwama, wala iliyoshika kutu, wala iliyomchosha mtu kwa uzito. Zinatoka kiunoni kama sigara inavyotoka kwenye pakiti, zinalia mara moja, mbaya wetu anaanguka, msichana anapiga yowe, mwisho.

Sasa nauliza: hao mashujaa wamezitoa wapi?

Jamani, sifanyi utani. Hapa kwetu ukinunua baiskeli ya mtumba, kufika jioni mtaa mzima unajua bei, unajua aliyekuuzia, unajua na breki ya nyuma kwamba haishiki. Halafu shujaa wako anatembea na chuma cha kuulia watu, na hakuna anayejua kimetoka wapi, hata yeye mwenyewe hajui? Mwandishi ndiye asiyejua. Hajui, na hajali kujua, kwa sababu aliiona kwenye filamu akaipachika kiunoni mwa kijana wa Bariadi kama ilivyo.

Mimi nimeishika moja. Nimeiandikia barua, nimesafiri nayo, nimeona inavyofunguliwa na kupakwa mafuta. Siringi, na mkisoma mpaka chini mtaona hakuna cha kuringia. Lakini ngoja nianze na mjomba.

Mjomba wangu ni mtu wa ng'ombe. Sisemi mfugaji, maana Meatu nani si mfugaji? Yeye alikuwa ananunua mnadani, anajaza lori, anauza mbali, anarudi na pesa taslimu. Watu wa kazi ile wanajua maana ya kuondoka mnadani jua likizama na bahasha imebanwa chini ya shati. Rafiki yake mmoja alivamiwa njiani, akapigwa panga la bega. Alipona, lakini mkono haukunyanyuka tena mpaka leo. Tangu siku ile mjomba akawa halali vizuri. Ndipo akasikia kuna mzee mmoja, macho yamemwisha, ana bastola anayoimiliki kihalali na anataka kuiachia.

Aliniita kwa kuwa mimi ndiye "mwandishi" wa ukoo. Ukianza kuandika hadithi Usukumani, jua utaandika pia barua za mahari, za kuomba mbegu za mkopo, na za tanzia. Hiyo haikuniudhi. Niliandika barua tano. Ya mwenyekiti wa kitongoji, ya mtendaji, ya polisi wilayani, na nyingine mbili za kurudia zile tatu kwa maneno mengine. Zikafuata alama za vidole. Akaitwa kuulizwa maswali. Jalada likapanda mkoani. Sheria inayotumika ni ile ya mwaka 2015 ya udhibiti wa silaha na risasi, iliyofuta ile ya 1991, na kwayo haitoshi uwe na pesa na sababu. Unatakiwa uonyeshe kwamba unajua kuitunza na kuitumia. Ilichukua miezi kumi na moja. Silaumu. Kwa kitu kama kile, ni heri ichelewe.

Sasa, wewe unayesema huna la kuandika: ndani ya ile miezi kumi na moja kuna riwaya nzima! Mtu mzima, kichwa cha familia, mbele ya kijana anayeweza kumzaa, anaulizwa, "Mzee, una ugomvi na nani?" Anasema sina. "Mkeo anasemaje kuhusu hii silaha?" Mjomba alinyamaza. Mkaza mjomba alikuwa amesema kitu kimoja tu, jikoni, bila kugeuka: kwamba kitu hicho kikiingia ndani ya nyumba, yeye atahamia chumba cha watoto. Na kweli alihama. Nani kati yenu ameandika bastola iliyomhamisha mwanamke chumba?

Chuma chenyewe kilikuwa Webley Mark IV, ya risasi .38, iliyotengenezwa Birmingham, Uingereza. Ni aina waliyokuwa wakibeba mapolisi wa Mwingereza katika makoloni yake. Juu ya chuma kulikuwa na herufi na namba zilizogongwa, namba za ghala. Chini ya mpini kuna kipete cha kufungia kamba, ile kamba inayopita begani ili askari akikurupushwa silaha isimponyoke. Mzee alieleza kwamba ilikuwa ya polisi, ikauzwa ilipochakaa, ikapita kwa tajiri mmoja wa pamba, ndipo ikamfikia yeye. Uzito wake ni robo tatu ya kilo na ushei. Nenda dukani ukapime robo tatu ya kilo ya sukari, uifunge kiunoni, halafu ukimbie kuruka ukuta kama shujaa wako anavyofanya. Suruali itakuaga.

Na kutu! Mdomoni mwa mtutu kulikuwa na kutu kama ile inayokaa kwenye bomba la pampu ya zamani. Vipande vya mpini vilikuwa vimepasuka, kimoja kimefungwa na uzi wa viatu. Springi ilikuwa imelegea. Ukivuta kifyatulio, kinyundo kinapanda polepole kama mtu aliyeamshwa usingizini, kinafikiri, ndipo kinashuka. Bastola za namna hii hufunguka katikati, mtutu ukainama mbele kama shotigani, na zikifunguka zinatema maganda yote sita kwa pamoja. Ya mjomba ilikuwa inatema manne. Mawili unachokonoa.

Kuikarabati hatukuweza kumpelekea mhunzi yeyote. Si kwamba wahunzi hawapo. Usukumani na kokote magharibi ya nchi hii, bunduki ya kijijini tangu zamani ni gobole, inayoshindiliwa baruti kwa mdomoni, na watu wenye mikono ya kuitengeneza wapo, kwa siri, maana ni kosa. Ila bastola yenye kibali inatengenezwa na fundi mwenye leseni, na fundi huyo hakai Mwanhuzi. Tukasafiri naye mjomba, basi la alfajiri, tumebeba karatasi nyingi kuliko chuma.

Yule fundi ndiye mtu ninayetaka mumsikie kuliko mimi. Aliifungua, akaitazama kwenye mwanga, akapuliza, hakusema kitu kwa muda mrefu. Halafu akatuambia kwamba silaha za polisi za zamani zina tabia moja: nje zimekwisha, ndani bado zina uhai, kwa sababu askari huibeba silaha kila siku miaka mingi lakini huipiga mara chache sana. Mkoba wa ngozi ndio unaoila rangi. Jasho ndilo linaloleta kutu. Akabadilisha springi, akasafisha mtutu, akachonga vipande vipya vya mpini kwa mti mgumu. Kazi nzima ilikula bei ya ndama wawili, na mjomba alilipa bila kubisha, jambo ambalo sijawahi kuliona kabla wala baada.

Kisha mjomba akaomba kitu cha ziada. Alitaka zile namba za zamani zifutwe kwa tupa na chuma chote king'arishwe, kionekane kipya. "Kama ile ya kwenye sinema," alisema.

Fundi akaiweka chini. "Mzee, nikifuta namba hizi naanza kufungwa mimi kabla yako. Na ikishakuwa haina namba si yako tena. Ni ya jambazi."

Ya pili aliyosema ilihusu risasi. Mzee alimpa mjomba na risasi zake, kumi na moja, ndani ya kopo la maziwa ya unga, na zote ziliandikwa kwenye karatasi za uhamisho. Fundi alituonyesha kwamba .38 ya Mwingereza siyo ile .38 Special ya Mmarekani ambayo watu wengi wanaifahamu. Ile ya Kimarekani ni ndefu zaidi na nyembamba kidogo, kwa hiyo mtu asije akaleta ujanja wa kuilazimisha. Na zile za kwenye kopo alisema zipelekwe polisi zikaharibiwe. Zimekaa mno. Risasi ya zamani inaweza kulia, inaweza isilie, inaweza kulia baada ya kuchelewa, wakati umeshaigeuza kujitazamia kulikoni. Mjomba aliitikia kwa kichwa. Tukarudi na kopo letu.

Hapo nataka nitoke kidogo kwa mjomba, maana suala la silaha ya serikali kugeuka mtumba ni pana kuliko sanduku lake.

Marekani, miaka ya 1980 na 1990, idara nyingi za polisi ziliacha bastola za silinda, hasa Smith & Wesson, zikachukua zile za magazini. Za zamani zilirudishwa kwa wafanyabiashara kufidia bei ya mpya, nao wakaziuza mitaani kwa raia. Mtindo huo uliendelea hata kwa silaha zilizofuata. Mwaka 2024 waandishi wa habari za uchunguzi wa huko walionyesha kwamba tangu 2006 silaha zaidi ya 50,000 zilizowahi kuwa za polisi zilikamatwa katika matukio ya uhalifu. Polisi aliuza, mhalifu akabeba, polisi mwingine akaikamata. Mwandishi wa huko akiandika jambazi mwenye bastola, msomaji anaweza kukisia njia iliyopita. Ina soko, ina bei, ina duka lenye taa.

Kwetu njia ni nyingine, na ndiyo mngeiandika kama mngetaka. Amin alipoanguka mwaka 1979, askari wake walikimbia kambi ya Moroto, na Wakaramoja wakaingia ghalani wakajichukulia bunduki. Wizi wa ng'ombe wa mishale ukawa wizi wa bunduki, na kilio chake kilidumu miongo. Upande wetu, vita ile ya Kagera iliacha silaha mikononi mwa watu wasiostahili kuwa nazo, na Usukumani na Unyamwezini majambazi na wezi wa mifugo wakaanza kutembea nazo. Wazee wetu walijibu kwa nini? Kwa Sungusungu, miaka ya 1981 na 1982, kuanzia pande za Kahama. Upinde, mshale, filimbi. Mwano unapigwa kijiji kimoja unapokelewa cha pili, mpaka mwizi hana pa kutokea. Bunduki ya vita ilizungukwa na mishale! Sungusungu walikuwa na makosa yao pia, walichapa na kufukuza watu wasio na hatia, hasa akina mama wazee, na hilo nalo liandikwe bila woga. Lakini nionyesheni hadithi yenu moja yenye mwano.

Na msiseme huku kwetu hakuna tukio. Tarehe 29 Januari 2016, humu humu Meatu, katika Pori la Akiba la Maswa, majangili wa tembo waliipiga risasi helikopta iliyokuwa ikiwafuatilia. Rubani Mwingereza, Roger Gower, alikufa. Risasi ilitoka chini, kwa watu wa miguu. Miezi kumi baadaye, Novemba 2016, Kenya ilichoma moto silaha haramu 5,250 pale Ngong. Nchi zetu zilikubaliana katika Itifaki ya Nairobi ya 2004 kwamba silaha za serikali zilizopitwa na wakati zisiachwe zikazagaa. Ukisoma itifaki ile utaona imeandikwa na watu walioogopa kikweli. Hadithi zetu haziogopi kitu chochote, na ndiyo maana hazimwogopeshi mtu.

Najua mtakalonijibu. Mtanitajia Willy Gamba. Sawa, tuzungumze. *Kufa na Kupona* ya Elvis Musiba ilitoka mwaka 1974, wakati Dar es Salaam ni makao ya wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika. Willy Gamba ni mpelelezi wa serikali. Bastola yake ina mwenyewe, ina mshahara, ina adui mwenye jina. Unaweza kuicheka mbwembwe yake, lakini unajua anapigania nini. Nyinyi mmechukua bastola mkaacha ukombozi. Ndiyo maana nasema mnanunua bastola ya mtumba iliyokuwa ya dola, mnaipiga msasa ing'ae, mnafuta namba. Fundi yule angekataa kuwafanyia.

Tena kabla ya Willy Gamba alikuwepo Bwana Msa. Mzanzibari Muhammed Said Abdulla alimleta katika *Mzimu wa Watu wa Kale* mwaka 1960, na silaha ya Bwana Msa ni kiko. Anavuta, anafikiri, anauliza swali linaloonekana la kijinga, na muuaji anajikwaa. Hadithi ya upelelezi ya Kiswahili ilianza kwa mtu anayefikiri! Sasa sisi wajukuu tumefika mahali ambapo shujaa akiishiwa na akili, na mwandishi naye akiishiwa, bastola inachomolewa kuwaokoa wote wawili.

Na kama lazima bunduki ilie, basi ilie kama ilivyolia kwa Kezilahabi katika *Dunia Uwanja wa Fujo*, 1975. Inalia mwishoni, baada ya maisha mazima ya Tumaini kumfikisha pale, na aliyeipiga analipia kwa shingo yake. Wasomaji wa wakati ule walikuwa na kitu kibichi kichwani. Siku ya Krismasi mwaka 1971, kule Isimani, mkulima Said Mwamwindi alimpiga risasi Mkuu wa Mkoa wa Iringa, Dakta Wilbert Klerruu, wakigombea shamba. Mwamwindi hakutoroka kwa pikipiki. Alipakia mwili ndani ya gari la marehemu, akaendesha mwenyewe mpaka polisi. Akanyongwa. Hebu fikirini ile safari. Barabara ya vumbi, sikukuu, na maiti nyuma. Ningebadilishana bastola zenu zote tisa na maili tano za barabara ile.

Haya, nimalizie ya mjomba, kwa sababu nilisema hakuna cha kuringia.

Binamu yangu, mtoto wa mjomba, alikuwa na miaka kumi na sita. Msomaji mkubwa kuliko wote nyumbani. Vitabu nilimwazima mimi, vile vyenye jalada la mtu mwenye kofia na mkono ulionyooka, na hadithi zangu pia nilimpa, moja ikiwa na shujaa ambaye, naona haya kuiandika, alichomoa bastola kiunoni. Bastola ya mjomba ilikaa kwenye sanduku la chuma, sanduku limefungwa kufuli, ufunguo uko juu ya kenchi. Kila mtu nyumbani alijua uko juu ya kenchi.

Siku hiyo mjomba alikuwa mnadani. Nilifika kurudisha baiskeli. Binamu akanikaribisha ndani, anacheka, mkono nyuma. Halafu akautoa. Alisimama kama picha ya kwenye jalada, miguu imepanuka, akanielekezea kifuani, akanena maneno fulani ya kishujaa niliyoyatambua kwa kuwa niliyaandika mimi. Akavuta.

Kinyundo kilipanda kwa nguvu safari hii, maana springi ilikuwa mpya. Kikashuka. Kikasema *ta*. Basi.

Yeye alikuwa bado anacheka. Hakujua kwamba ndani mna kitu. Aliamini baba yake huiweka tupu. Nilimwambia aiweke mezani, na sauti iliyotoka sikuitambua kama yangu. Tuliifungua. Zilikuwemo risasi mbili, kutoka kwenye lile kopo. Moja ilikuwa na kidonda kidogo kwenye kitako, katikati ya fataki, pale kinyundo kilipogonga. Ilikuwa imekufa kwa uzee. Yule fundi alisema inaweza kulia, inaweza isilie, inaweza kuchelewa, kwa hiyo nilichukua mahesabu yale nikasimama nayo pale pale, nimeishika mkono wa kushoto, nikiitazama kama mpumbavu, mpaka nilipokumbuka la tatu na kuirudisha mezani taratibu.

Sitaki mtu anielewe vibaya. Kitabu hakikuvuta kifyatulio. Kufuli mbovu, ufunguo juu ya kenchi, mjomba aliyeitikia kwa kichwa halafu asitii, hayo ndiyo yaliyonielekezea mtutu. Lakini niliona uso wa yule mtoto. Hakuwa na wazo hata moja la kitu alichoshika. Alijua kusimama, alijua kusema. Uzito hakuuelewa, hakuelewa kwamba chuma kile kilishapita mikononi mwa watu wanne kabla yake, hakuelewa habari ya kopo. Yote hayo nilikuwa nayajua, mimi niliyeandika zile barua tano, na nilipokaa kuandika hadithi niliyaacha nje kwa sababu niliona yanachelewesha tukio. Mambo yaliyoniokoa ni yale yale niliyoyakata: uzee, unyevu, risasi iliyoharibika. Katika hadithi yangu ningekuwa maiti, na katika hadithi zenu pia.

Mjomba hakumchapa mtoto. Alikaa kwenye kigoda nje mpaka usiku. Kulipokucha tulikwenda wawili kuirudisha polisi. Hakudai kitu, na ndama wake wawili walikwenda na maji. Askari aliyepokea alihesabu risasi moja moja kwenye karatasi, zikatimia kumi na moja. Alipofika kwenye ile yenye kidonda aliinua macho. Mjomba akasema, "Ilianguka." Askari alimtazama, akanitazama mimi, akaandika kumi na moja. Mkaza mjomba alirudi chumbani kwake wiki ile ile. Siku hizi mjomba pesa za ng'ombe zinakuja kwa simu, anatembea na shilingi za soda tu, na ukimuuliza kwa nini hakufanya hivyo tangu mwanzo anakwambia niletee maji.

Ile hadithi yangu yenye bastola nimeichana. Mpya sijaiandika. Nimejaribu mara nne, na kila nikifika pale binamu anapotoa mkono nyuma, kalamu inakimbilia kumfanya aongee vizuri.

Kwa hiyo kama yupo aliyekasirika, na natumaini wapo, aniandikie kupitia kwa mhariri, nitamjibu. Ila kwanza aniambie bastola ya shujaa wake ilinunuliwa kwa nani, kwa ng'ombe wangapi, inakaa wapi shujaa akienda kuoga, na risasi zake zina miaka mingapi ndani ya kopo.